Nani Mwenyeji, na Ahesabiwe Vipi?

Katika somo letu la muhula huu tutalitazama neno moja ambalo kila mtu hudhani analifahamu, nalo ni "mwenyeji". Nyumbani neno hili halina taabu: mwenyeji ni yule aliyemo, na mgeni ni yule aliyebisha hodi. Lakini serikali itakapo kujua wenyeji wa asili wa nchi yake ni wangapi, hapo taabu huanza. Hapana budi kwanza iamue nani aandikwe na nani asiandikwe. Kisha ndipo makarani washike kalamu. Wanafunzi wa hesabu wajua kwamba huwezi kujumlisha vitu kabla hujasema ni vitu gani. Kwa watu ni vivyo hivyo, ila embe halijali likisahauliwa kapuni, na mtu hujali sana.

Njia tatu za kumtambua

Njia ya kwanza ni kupima damu. Mtu huulizwa wazazi na mababu zake wangapi walikuwa wenyeji, kisha hupewa sehemu: nusu, robo, au thumni. Njia ya pili ni nasaba, yaani yatosha kwamba mtu ametokana na wenyeji, hata kama ni kwa bibi mmoja tu. Njia ya tatu ni mtu kujitaja mwenyewe, na jamaa zake kumkubali kuwa ni mwenzao.

Natuchukue mfano wa mwanamke ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa mwenyeji, na mababu wengine watatu walitoka ng'ambo. Kwa njia ya damu ataitwa robo tu, na huenda akaachwa. Kwa nasaba ataandikwa. Kwa njia ya tatu itategemea yeye anajionaje, na jamaa za bibi yake wanamjua au hawamjui. Mtu ni yule yule mmoja, lakini kanuni tatu zaweza kutoa majibu mbalimbali. Basi mkisikia kwamba wenyeji wa nchi fulani ni watu kadha wa kadha, ulizeni kwanza: wamehesabiwa kwa kanuni ipi?

Mfano wa Australia

Nchi itufundishayo vema jambo hili ni Australia. Wenyeji wake wa asili, Waaborijini, wamekaa huko kwa zaidi ya miaka 50,000, na pamoja nao wamo watu wa Visiwa vya Mlangobahari wa Torres, upande wa kaskazini. Waingereza walianza kuhamia mwaka 1788. Makoloni yao yalipoungana kuwa nchi moja tarehe 1 Januari 1901, katiba mpya ilikuwa na kifungu cha 127, kilichoamuru kwamba wenyeji wa asili wasihesabiwe katika kutafuta idadi ya watu wa nchi. Idadi hiyo ndiyo iliyotumika kugawanya viti vya bunge na fedha baina ya majimbo.

Lakini makarani walikuwa na swali: mwenye wazazi mchanganyiko ni nani? Ndipo kipimo cha damu kikashikwa. Aliyekuwa na damu ya wenyeji kupita nusu aliondolewa katika jumla. Aliyekuwa na nusu au pungufu alihesabiwa. Hivyo ndugu wa ukoo mmoja waliweza kutenganishwa, huyu akiwa mtu wa nchi katika vitabu vya serikali, na yule akiwa hayumo.

Tarehe 27 Mei 1967 raia wa Australia walipiga kura juu ya jambo hili. Zaidi ya asilimia 90 walikubali kifungu kile kifutwe, na majimbo yote 6 yalikubali. Sensa ya kwanza baada ya hapo ilikuwa ya mwaka 1971. Katika miaka iliyofuata serikali iliacha kipimo cha damu, ikashika kanuni yenye masharti matatu: mtu awe ametokana na wenyeji, ajitambue kuwa ni mwenyeji, na jamii yake imkubali. Mahakama Kuu ya nchi hiyo nayo ilitaja masharti haya mwaka 1992 katika kesi mashuhuri ya Eddie Mabo, ambayo ilikomesha dhana kwamba ardhi ya Australia haikuwa na wenyewe Waingereza walipofika.

Siku ya sensa, hata hivyo, karani hawezi kuita wazee wa ukoo waje washuhudie. Kwa hiyo dodoso huuliza tu kama mtu ana asili ya Waaborijini au ya watu wa Visiwa vya Torres, naye mwenye kaya hujibu.

Hesabu iliyokua kuliko uzazi

Sasa tazameni tarakimu. Mwaka 2016 waliojitaja kuwa wenyeji wa asili walikuwa 649,171. Mwaka 2021 walikuwa 812,728, yaani asilimia 3.2 ya watu wote. Katika miaka 5 waliongezeka 163,557. Je, walizaliwa wote hao? La. Wataalamu wa takwimu wa Australia walieleza kwamba chini ya nusu ya nyongeza hiyo ilitokana na watu kuzaliwa kuliko kufa. Sehemu kubwa zaidi ilitokana na mambo mengine, hasa watu ambao hapo awali hawakujitaja, na sasa wamejitaja.

Kwa nini mtu afiche asili yake, kisha aitangaze? Kwa muda mrefu katika karne ya 20, watoto wengi wa wenyeji walichukuliwa na serikali kutoka kwa wazazi wao, wakalelewa katika vituo na nyumba za watu wengine. Wengine hawakuambiwa wametoka wapi. Wazazi wengine walificha asili ya watoto wao ili wasichukuliwe. Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni kwa ajili ya jambo hilo tarehe 13 Februari 2008. Wahenga wetu walisema, mwacha asili ni mtumwa. Lakini hawa hawakuacha asili yao kwa hiari.

Wako pia waliokosekana. Baada ya sensa hufanywa uchunguzi mwingine mdogo wa kupima ni wangapi walirukwa. Kwa uchunguzi huo, wenyeji wa asili wa mwaka 2021 walikadiriwa kuwa kiasi cha 984,000. Maana yake, takriban mtu mmoja katika kila sita hakuonekana kwa sifa hiyo katika hesabu ya kwanza. Zahanati na shule zikipangwa kwa hesabu pungufu, wa kukosa ni yule aliyerukwa.

Na kwetu, je?

Mwaka ule ule wa 1967, mwezi wa Agosti, Tanzania ilifanya sensa yake ya kwanza baada ya Uhuru na Muungano, ikapata watu 12,313,469. Sensa hiyo iliuliza kabila, nayo ikawa ya mwisho kuuliza hivyo. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa watu 61,741,120, bila makabila yao. Faida yake ni kubwa: taifa halikugawanywa kwa tarakimu. Lakini jamii ndogo kama Wahadzabe wa Ziwa Eyasi idadi yao hukisiwa tu. Jirani zetu wa Kenya huuliza kabila. Huko jamii ndogo zaweza kujiona vitabuni, lakini jamii kubwa nazo hulinganisha nguvu zao kwa hesabu hizo. Kila nchi imechagua faida yake, na imechukua hasara yake.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, ni wenyeji wa asili. Mojawapo ya mambo iliyoyatazama ni jinsi watu hao wanavyojitambua wenyewe. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 juu ya haki za wenyeji wa asili nalo halikutoa fasili yoyote. Limewaachia watu hao haki ya kuamua wao ni akina nani.

Basi, wanafunzi, karani wa sensa akija kwenu, msaidieni wazazi kujibu sawasawa na kwa ukamilifu, msimsahau bibi aliye jikoni wala mtoto mchanga.

Maswali ya kujipima

1. Toeni 649,171 katika 812,728, kisha tafuteni nyongeza hiyo ni asilimia ngapi ya hesabu ya mwaka 2016.
2. Kwa nini kifungu cha 127 kiliweza kutenganisha ndugu wa ukoo mmoja?
3. Jadilianeni: je, yafaa sensa iulize kabila? Kila upande utaje faida moja na hasara moja.