Somo la Sita: Pensheni Ndogo, Maisha ya Staha

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza: (a) kutambua thamani halisi ya pensheni yake ya kila mwezi, (b) kupanga matumizi yanayolingana na kipato kisichobadilika, (c) kuepuka mikopo inayoinyonya pensheni, na (d) kujua pa kupeleka malalamiko.

1. Fungu lililo kubwa zaidi

Kata ya Kingolwira, katika Manispaa ya Morogoro, ina mchanganyiko wa wastaafu wa aina nyingi: walimu, askari magereza, waliofanya kazi katika reli ya kati na waliotumikia mashamba ya mkonge. Watumishi wa umma hulipwa na PSSSF, mfuko ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018 baada ya mifuko minne kuunganishwa. Waliokuwa katika sekta binafsi hulipwa na NSSF.

Mstaafu aliyetimiza masharti hupata mafao ya aina mbili: mkupuo na pensheni ya kila mwezi. Wengi huuhesabu mkupuo kuwa ndiyo mali, na pensheni kuwa fedha ya sabuni. Hesabu haikubaliani na mawazo hayo.

Tangu Julai 2022 mifuko yote miwili hutumia kikokotoo kimoja. Mkupuo ulikuwa asilimia 33. Katika bajeti ya mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa kundi la watumishi lililokuwa likipata asilimia 50 hapo awali, na asilimia 35 kwa kundi lililokuwa likipata asilimia 25.

Chukua mfano wa mwalimu aliyechangia kwa miezi 360, ambaye wastani wa mshahara wake unaotumika katika hesabu ni shilingi 580,000 kwa mwezi, yaani 6,960,000 kwa mwaka.

Pensheni kamili ya mwaka: 360 ÷ 580 × 6,960,000 = 4,320,000.
Mkupuo: 4,320,000 × 12.5 × asilimia 40 = 21,600,000.
Pensheni ya mwezi: 4,320,000 × asilimia 60 ÷ 12 = 216,000.

Sasa gawanya mkupuo kwa pensheni ya mwezi: 21,600,000 ÷ 216,000 = 100. Maana yake ni kwamba baada ya miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne, mwalimu huyu atakuwa amepokea kupitia pensheni kiasi kilekile cha mkupuo, na malipo yataendelea maadamu yu hai. Mkupuo ukipotea katika biashara, pensheni hubaki. Pensheni ikiwekwa rehani, mstaafu hana pa kuegemea. Hili ndilo fungu la kulindwa kwanza.

2. Kupanga matumizi

Shilingi 216,000 ni sawa na shilingi 7,200 kwa siku katika mwezi wa siku 30. Andika namba yako mwenyewe ya siku juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kisha tenga matumizi katika mafungu matatu.

Fungu la kila mwezi: chakula, maji, umeme, dawa na nauli. Hili lilipwe siku ya kupokea pensheni, kabla ya jambo jingine.

Fungu la msimu: karo za wajukuu, mbegu, ukarabati wa paa kabla ya masika. Matumizi haya hayaji kila mwezi, lakini huja kila mwaka. Kwa hiyo si dharura. Jumlisha gharama za mwaka, gawanya kwa 12, na utenge kiasi hicho kila mwezi. Mahindi ya kula yanunuliwe baada ya mavuno, bei inapokuwa chini, na yahifadhiwe yakiwa makavu katika mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Kwa kaya ya wazee wawili, magunia machache yaliyonunuliwa kwa wakati hupunguza makali ya bei ya miezi ya Januari na Februari.

Fungu la dharura: lengo liwe kiasi cha pensheni ya miezi mitatu, kikitengwa kutoka kwenye mkupuo na kuwekwa mahali panapofikika. Akiba haiozi.

Kuhusu matibabu, hakiki hali ya uanachama wako wa bima ya afya kabla ya kustaafu. Aidha, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi kuwa mzee, na inatoa msingi wa matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza. Utambuzi huanzia katika ofisi ya mtaa wako.

3. Mkupuo: usiweke mayai yote katika kapu moja

Maliza nyumba kwanza, kwani asiyelipa kodi ya pango amejiongezea pensheni. Kinachobaki kigawanywe. Hatifungani za Serikali hununuliwa kuanzia shilingi 1,000,000 na hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ile ya UTT AMIS, hupokea viwango vidogo zaidi. Thamani ya vipande vyake inaweza kupanda au kushuka. Amana za benki zina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi 7,500,000 kwa kila mteja katika benki moja.

Anayeahidi faida kubwa, ya haraka na isiyo na hasara, mwombe leseni kwa maandishi. Vilevile, mifuko ya hifadhi ya jamii haitozi ada ili kuharakisha mafao. Apigaye simu akidai hela ya "kushughulikia faili" ni tapeli.

4. Mkopo na kadi ya benki

Mkopeshaji wa mtaani huja kwa upole: "Shikamoo mzee wangu. Niachie kadi tu na namba ya siri, mengine nitashughulikia mimi." Tuhesabu gharama ya upole huo. Mkopo wa shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi unadai riba ya shilingi 100,000 kila mwezi, karibu nusu ya pensheni ya mwalimu wetu, huku deni lenyewe likibaki vilevile. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwa kiwango hicho, riba ya mwezi wa kwanza ni shilingi 17,500.

Kwa hiyo:
– Kadi ya benki si dhamana. Usimpe mtu kadi wala namba ya siri, hata akiwa ndugu.
– Omba kuona leseni ya Benki Kuu.
– Dai mkataba wa Kiswahili unaoonyesha riba, ada zote na jumla ya marejesho.
– Usisaini karatasi yenye nafasi zilizoachwa wazi.
– Usikope kwa ajili ya sherehe. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Ukiwa umekwisha kutoa kadi, nenda benki leo uifunge na kuomba nyingine. Deni halali utaendelea kulipa, lakini kwa mkono wako mwenyewe.

5. Kulalamika

Peleka malalamiko kwa maandishi kwa taasisi husika na ubaki na nakala yenye mhuri au saini ya mpokeaji. Usiporidhika na majibu, yapeleke Benki Kuu kwenye dawati la malalamiko ya wateja. Masuala ya pensheni yapelekwe ofisi ya mfuko wako mjini Morogoro.

Zoezi

1. Gawanya mkupuo wako kwa pensheni yako ya mwezi. Umepata miezi mingapi?
2. Pensheni yako ni shilingi ngapi kwa siku?
3. Orodhesha matumizi yako ya msimu, kisha uyagawanye kwa 12.
4. Kadi yako ya benki iko wapi sasa hivi? Ikiwa haiko mikononi mwako, rudia sehemu ya 4.