Mchango kwa Familia ya Polisi Aliyeuawa Kazini: Jinsi ya Kutuma Ili Ufike na Udumu

Meseji inaingia kwenye kikundi: afisa ameuawa akiwa kazini, familia inaomba tusimame nayo, namba ya kutuma ni hii. Misiba hii tumeiona mara nyingi nchini. Novemba 2012, zaidi ya maafisa 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi. Februari 2025, afisa wa kwanza wa kikosi cha Kenya kilichopelekwa Haiti aliuawa huko. Wengine wamekufa kwa mabomu yaliyotegwa barabarani Mandera, Wajir, Garissa na Lamu.

Wakenya hatuchelewi kuchanga, na hilo ni jambo zuri. Shida ni kwamba pesa nyingi huja kabla ya mazishi, halafu kimya. Watu wakishaondoka matangani, karo ya muhula ujao bado ipo, na kodi ya nyumba pia. Kama familia ilikuwa ikiishi kwenye nyumba za polisi, huenda ikabidi itafute kwingine. Leo tujifunze kuchanga kwa njia ambayo mjane au mgane na watoto wataiona faida yake hata baada ya mwaka.

1. Thibitisha kwanza

Meseji iliyosambazwa na watu wengi si uthibitisho. Mpigie mtu unayemjua: jamaa wa familia, afisa mwenzake au chifu wa eneo. Halafu, kabla ya kukamilisha muamala, soma jina linalotokea kwenye simu yako. Kama si la mtu aliyetajwa na familia, usitume. Uliza tena. Matapeli huchukua tangazo la kweli, picha ikiwa ni ile ile, wakabadilisha namba tu.

2. Chagua namba inayofaa

*Laini ya mjane mwenyewe* inatosha kama wanaochanga ni wachache. Lakini kumbuka mambo mawili. Muamala mmoja hauwezi kuzidi Sh250,000, na akaunti ya kawaida ya M-Pesa haibebi zaidi ya Sh500,000. Pili, kama laini hiyo ina deni la Fuliza, pesa zikiingia deni linakatwa kwanza. Unaweza kutuma Sh2,000 ya chakula, ikafika ikiwa pungufu. Muulize kwa upole kabla ya kutuma.

*Namba ya Paybill iliyounganishwa na akaunti ya benki* ndiyo bora wengi wanapochanga. Kila shilingi inaonekana kwenye taarifa ya akaunti. Wekeni watia sahihi watatu, na mmoja awe mjane au mtu aliyemchagua mwenyewe. Hapo hakuna anayeweza kutoa pesa peke yake, na mweka hazina hatashukiwa bure.

*Laini ya marehemu* usiitumie kabisa. Pesa zitakazoingia huko zitakwama kwenye mambo ya urithi.

3. Gawanya mchango: mazishi na maisha

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Mnatoa kila kitu kwa jeneza, hema na chakula, kisha hakuna kinachobaki. Amueni mapema, pamoja na familia, ni kiasi gani kitaenda kwa mazishi na kiasi gani kitawekwa.

Tuseme mko watu 40 mliosoma na marehemu. Kila mmoja akituma Sh500 kwa mwezi, hiyo ni Sh20,000. Kwa mwaka ni Sh240,000. Wengi wetu Sh500 kwa mwezi tutaipata kwa urahisi kuliko Sh6,000 kwa siku moja. Na kwa mama mwenye watoto shuleni, pesa anayojua inakuja ni msaada mkubwa, kwa sababu anaweza kupanga.

Karo mnaweza kuilipa moja kwa moja kwa shule. Tumieni namba ya malipo ya shule na namba ya usajili ya mtoto, kisha mtumieni mjane meseji ya malipo aiweke.

4. Laini ya marehemu: msiitupe, msiitoe pesa

Hata kama mnajua PIN yake, msitoe pesa. Pesa hizo sasa ni sehemu ya mali ya marehemu, na kuzitoa kimyakimya kunaweza kuleta ugomvi kati ya wake, wazazi na watoto. Nendeni kwenye duka la huduma mkiwa na cheti cha kifo na kitambulisho, mwelezwe ni karatasi gani nyingine zinahitajika kuonyesha nani ameruhusiwa kusimamia mali hiyo.

Kadi yenyewe ya simu itunzeni. Meseji za sacco, benki na bima zilizo kwenye simu hiyo zinaweza kuonyesha akiba au deni ambalo familia haikulijua.

5. Ilinde familia dhidi ya matapeli

Chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, wanaomtegemea mfanyakazi aliyekufa kwa ajili ya kazi wana haki ya fidia ya mshahara wa miezi 96. Kuna pia pensheni na akiba ya sacco. Matapeli wanajua kuna pesa zinasubiriwa. Watapiga simu wakisema, "Mama, faili iko hapa mezani, tuma elfu tatu tu tuisongeshe."

Asitume. Ada za huduma za serikali hulipwa kupitia eCitizen, Paybill 222222, si kwa laini ya mtu binafsi. Na hakuna ofisi inayohitaji PIN ya mtu ili imlipe.

Ninyi marafiki pia msaidie: msiweke namba ya kitambulisho ya mjane, jina la shule ya watoto au picha zao mitandaoni. Teueni mtu mmoja wa kumsindikiza maofisini na kupokea simu zenye mashaka. Mtu aliye kwenye huzuni si rahisi agundue uongo.

Fanya hivi leo

Kama kuna familia ya afisa uliyewahi kuichangia, fungua simu yako uangalie mara ya mwisho ulituma lini. Kisha weka kikumbusho cha wiki moja kabla shule kufunguliwa. Siku hiyo piga simu kwanza, umjulie hali, ndipo utume ulicho nacho.