Mtoto Aliyetibiwa Akarudi Mgonjwa

Somo la robo hii linatoka Uingereza, lakini walio na zahanati karibu na shule watalitambua upesi.

Margaret McMillan alizaliwa Marekani mwaka 1860, wazazi wake wakiwa Waskoti. Mwaka 1865 baba yake na mdogo wake walifariki, mama akarudi Uskoti na mabinti wawili waliobaki, Rachel na Margaret. Margaret naye aliugua, akakosa kusikia kwa miaka mingi ya utoto wake. Yamkini ndiyo sababu hakusahau kwamba mtoto anaweza kukaa darasani asipate kitu.

Mwaka 1894 alichaguliwa katika bodi ya shule ya Bradford, mji wa viwanda vya sufu. Huko wengine walifanya kazi kiwandani nusu siku, kisha wakaenda shule wamechoka. Alidai shule ziwe na mabafu, na la kwanza likafunguliwa mwaka 1897. Mwaka 1899 yeye na Daktari James Kerr waliwapima afya wanafunzi. Alipigania pia chakula cha shule hadi sheria ya mwaka 1906 ikaziruhusu halmashauri kuwalisha watoto. Mwaka uliofuata huko Bradford watoto wapatao 40 walilishwa na kupimwa uzito. Uzito ulipanda, ilipofika likizo ya Pentekoste, chakula kikasimama, nao ukashuka.

Lakini funzo kubwa lilimpata Deptford, mtaa wa maskini London, alikofungua kliniki ya wanafunzi na dada yake mwaka 1910. Watoto walitibiwa macho, meno, masikio na ngozi, wakapona. Baada ya muda walewale wakarudi na maradhi yaleyale. Walikuwa wakirudi kulala katika chumba kimoja chenye watu wengi, bila hewa wala maji ya kutosha.

Hapa ndipo wengi wetu tungeishia kuandika taarifa. Idadi ya waliotibiwa ni nzuri kusomwa, na mfadhili huridhika. (Nakiri nimeandika taarifa za namna hiyo.) Dada hawa walichukua njia nyingine. Mwaka 1911 walianza kuwalaza wasichana nje, uani, kwenye vitanda safi. Asubuhi waliwaogesha, wakawapa kifungua kinywa, wakawapeleka shuleni. Mwaka 1914 wakafungua chekechea ya wadogo katika bustani: vibanda vilivyo wazi upande mmoja, mabafu, uji, maua na mboga. Kuoga na kula vilihesabiwa kuwa sehemu ya masomo.

Vita ilikuwa imeanza. Rachel alichoka, akafariki Machi 1917, siku yake ya kuzaliwa. Margaret aliendelea peke yake, akaipa chekechea jina la dada yake, na mwaka 1930 kikafunguliwa chuo cha walimu chenye jina hilohilo. Alifariki mwaka 1931.

Kwa kikao chenu kijacho: chukueni daftari la zahanati la muhula mmoja, mtafute majina ya watoto yanayojirudia kwa ugonjwa uleule. Kisha wawili kati yenu wafike nyumbani kwa watoto hao, kwa ruhusa ya wazazi, waone wanapolala na maji yanapotoka. Mtakachokiona kiandikwe kwenye ombi lenu la fedha kabla ya orodha ya dawa.