Panga Maji Kabla ya Kupanga Njia: Mwongozo wa Safari Ndefu za Baiskeli, Mabanga hadi Kitale

Ukitoka Mabanga, karibu na mji wa Bungoma magharibi mwa Kenya, kwa baiskeli, ukapita Bukembe, Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale, siku nzima unapanda. Bungoma iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kitale inakaribia 1,900. Ukiacha lami na kufuata vijia vya udongo kati ya miwa na mahindi, kila mto una mteremko wake na mlima wake. Wengi hupima safari kwa kilomita, kisha kiu ikawapata katikati ya shamba. Pima kwanza kwa maji.

Hesabu ya maji

Mtu mzima anayekanyaga juani huhitaji kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Chukua mfano wa safari ya saa saba, robo tatu ya lita kila saa: hiyo ni zaidi ya lita tano. Lita moja ni kilo moja, na kilo tano mgongoni zitakuchosha kwenye kila mwinuko. Beba lita mbili na nusu, kisha ujaze tena mara mbili njiani.

Kabla ya kuondoka

- Andika vituo vya kujazia maji, na uulize wenyeji kama bomba lina maji siku hiyo. Kati ya Desemba na Februari vijito vingine hupungua.
- Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, ili jua la saa sita likukute umekwisha kupita milima mikali.
- Mwachie mtu wa nyumbani njia yako na saa unayotarajia kufika.

Maji ya njiani

Sehemu hizi zina chemchemi nyingi zilizojengewa ukuta na bomba. Chota pale bombani. Usichote kwenye dimbwi la chini ambapo ng'ombe hunywa. Hata hivyo, maji yanayong'aa si lazima yawe salama. Yatibu hivi:

1. Yachuje kwa kitambaa safi yakiwa na tope.
2. Yachemshe hadi yatokote kwa dakika moja. Ukipanda zaidi ya mita 2,000, kuelekea Mlima Elgon, yaache yatokote dakika tatu, kwa kuwa huko maji huchemka kwa joto la chini kuliko kawaida.
3. Kama huna moto, tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha usubiri dakika 30 kabla ya kunywa.

Onyo: kuchemsha na klorini huua vijidudu, lakini haviondoi mbolea wala dawa za kunyunyizia mimea. Usichote kwenye mfereji unaotoka shambani.

Sikiliza mwili

Kunywa mafunda machache kila dakika 15, usingoje kiu. Ukijisaidia, tazama mkojo: ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa kunywa. Kichwa kikiuma, kizunguzungu kikianza au jasho likikatika ghafla, shuka na ukae kivulini. Changanya lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, kisha unywe taratibu. Mwenzako akianza kuropoka au kuzimia, mpoze kwa maji mwilini, usimlazimishe kunywa, na umpeleke hospitali mara moja.

Vilevile, usinywe maji matupu lita juu ya lita. Jasho hutoa chumvi mwilini, kwa hiyo kula karanga zenye chumvi njiani, pamoja na ndizi au ugali.

Mwishoni

Chemchemi unayopita ni jikoni mwa watu. Usioshee baiskeli hapo, omba ruhusa kabla ya kujaza, na uwapishe wenye mitungi kwanza. Kisha, kabla hujapanda baiskeli, jiulize swali moja: chupa hizi zikiisha, zitajazwa wapi? Kama huna jibu, usiondoke bado.