Kilowati na kilowati-saa

Kobalti ya Kolwezi imo katika betri nyingi za magari ya umeme. Yafaa basi tujue kueleza uchajishaji wake kwa Kiswahili. Tutofautishe maneno mawili. Kilowati ni kasi ya umeme kuingia, kama maji yatokavyo bombani. Kilowati-saa ni kiasi kilichoingia, kama maji yaliyomo katika bidoni. Mfano: soketi ya nyumbani ya volti 230 na ampea 10 hutoa kilowati 2.3. Betri tupu ya kilowati-saa 46 itahitaji saa 20, na zaidi kidogo, maana umeme fulani hupotea. Chaja ya ukutani ya kilowati 11 itaijaza kwa saa 4 na ushei. Mfasiri akiyachanganya maneno hayo, msomaji hatajua kama gari lataka mchana na usiku au saa chache tu.