Dar hadi Mikumi kwa Saa ya Mtoto

Kutoka Dar es Salaam hadi mji wa Mikumi ni karibu kilomita 300. Dereva aliye peke yake akitoka alfajiri anafika kabla ya chakula cha mchana. Familia yenye mtoto wa miaka miwili inafika jioni, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Mtoto wa umri huo haelewi "bado kidogo". Anachojua ni njaa, usingizi, nepi iliyolowa na miguu inayotaka kukimbia, na mambo hayo humjia kwa zamu siku nzima, awe nyumbani au njiani. Mzazi apange safari kwa kufuata zamu hiyo kwanza, kilomita baadaye.

Barabara hii tumeizoea kwa sababu bibi yake mwanetu anaishi Iringa, na Mikumi ndiko tunakolala. Wapo wanaokwenda Iringa kwa siku moja, kilomita 500 na zaidi, mtoto yuko nyuma analia kuanzia Mikumi hadi Ruaha Mbuyuni. Siwashauri. Usiku mmoja Mikumi humgeuzia mtoto siku ndefu ya garini kuwa matembezi ya siku mbili.

Saa 11 alfajiri ndiyo saa nzuri ya kutoka Dar. Mizigo yote inapakiwa usiku. Mtoto anatolewa kitandani na nguo zake za kulalia, anafungwa kwenye kiti chake, anafunikwa khanga, na mara nyingi analala tena kabla ya Kimara. Kuanzia hapo hadi Kibaha barabara ina njia nane, lakini kukishapambazuka zinajaa zote, na mbele yake kuna malori yanayojipanga kwenye mizani ya Vigwaza. Foleni ambayo mtoto anaipita akiwa usingizini haimsumbui yeye wala wazazi wake.

Kiti chake hakina mjadala. Wazazi wengi bado wanampakata mtoto, tena mbele, wakiamini kwamba mikono ya mama inatosha. Haitoshi. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa likigonga kitu na kusimama, mtoto wa kilo 12 anaendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule, na hakuna binadamu mwenye nguvu za kumzuia. Kama mama naye hakufunga mkanda, mwili wake unamkandamiza mtoto kwenye dashibodi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo vya watoto katika ajali kwa zaidi ya nusu. Kwa familia nyingi kiti kipya ni ghali, kwa hiyo wanatafuta cha mtumba, na hilo linawezekana kwa anayejua kukagua. Kigeuze uangalie mgongoni au chini: viti vingi vina tarehe iliyogongwa kwenye plastiki inayoonyesha mwaka kilipotengenezwa au mwaka wa mwisho wa kukitumia. Tafuta nyufa. Vuta kila mkanda, funga na kufungua kila kifungo. Muuzaji akishindwa kukuambia kilikotoka na kama kiliwahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali, achana nacho, hata kiwe kinang'aa namna gani.

Kukifunga nako kuna ufundi wake. Kikae siti ya nyuma, kikazwe kwa mkanda wa gari mpaka ukikishika chini kwa nguvu kisiyumbe zaidi ya sentimita mbili na nusu. Kitazame nyuma ya gari hadi mtoto afikie kilo au urefu wa mwisho ulioandikwa kwenye kiti, kwa sababu kichwa cha mtoto ni kizito na shingo yake bado laini. Gari likigonga, mgongo wa kiti unabeba kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Mikanda ya begani ina kipimo chepesi: jaribu kuibana kwa vidole viwili pale juu ya mfupa wa bega. Ukipata mkunjo wa kushika, bado imelegea. Na akilia kwa kutaka kutoka, gari linatafutiwa mahali salama na kusimama. Hatolewi likiwa linatembea, hata kwa dakika moja.

Chalinze, njia panda ya Tanga na Morogoro, ndipo kwa kawaida anapofungua macho. Gari halijazimwa, wauzaji wako dirishani: mayai ya kuchemsha, maji, biskuti, korosho. "Mama, mchukulie mtoto korosho!" Ni ukarimu wa kibiashara, lakini korosho na karanga nzima si chakula cha mtoto wa miaka miwili. Meno yake ya kusagia bado hayajakamilika, na punje moja ikiteleza kwenye njia ya hewa inaziba. Vivyo hivyo vipande vya muwa na peremende ngumu. Mwanetu hunywa uji wa lishe kutoka kwenye chupa ya chai, unaokaa moto humo hadi apozewe, halafu ndizi mbivu. Viazi vitamu vya kuchemsha na chapati vinafaa pia. Yai analila asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa zaidi ya saa mbili nje ya jokofu, na kwenye joto linalopita nyuzi 32, saa moja inatosha kukiharibu. Maziwa hatuyabebi kabisa.

Baada ya kula, mwacheni ashuke chini. Hapa wazazi wengi hukosa subira, kwa kuwa wanaona Morogoro bado iko mbali. Mtoto anachuchumaa pembeni ya ukuta, anaangalia sisimizi wakiburuta punje ya chapati aliyoiangusha mwenyewe, anawafuata hadi kwenye ufa wao, anarudi kutafuta punje nyingine. Hiyo kwake ndiyo Chalinze, na ndiyo matembezi. Nusu saa ya namna hiyo inanunua utulivu wa safari hadi Morogoro. Gari likiwa juani, khanga itandikwe juu ya kiti chake. Kifungo cha chuma kilichopigwa na jua kinaunguza paja. Na kama baba anaingia dukani mara moja, mtoto anaingia naye. Gari lililofungwa juani linaweza kupanda nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto mdogo unapata joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Morogoro tunakaa muda mrefu, hadi baada ya chakula cha mchana. Milima ya Uluguru iko pale pale juu ya mji, kuna kivuli, kuna sehemu zenye nyasi za kukimbilia, na Soko Kuu la Chifu Kingalu lina matunda ya kufungasha. Mtoto akimbie mpaka achoke kweli. Usingizi wake wa mchana unaanza kama saa 7, na wakati huo ndipo gari linapotoka mjini.

Kuna jambo linafanywa kimyakimya nami nalisema wazi: kumpa mtoto Piriton ili alale njiani. Dawa hiyo ni ya mzio. Kwa mtoto mdogo inaweza kumlegeza kupita kiasi, inaweza pia kumfanya ahangaike badala ya kulala, na kipimo chake si cha kukisia kwa kifuniko cha chupa. Kama daktari hakumwandikia, asipewe.

Kabla ya kuingia kwenye hifadhi, gari lisimame kwa ajili ya kuchimba dawa, mtoto abadilishwe nepi au akalishwe kwenye poti yake, hata kama anasema hataki. Barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na humo hakuna kushuka. Tukifika saa 9 au saa 10 anaamka, jua limeanza kupoa, na wanyama wanasogea: swala pala, pundamilia, twiga, mara nyingine tembo kabisa karibu na lami. Vioo vipandishwe nyani wanapokuwa jirani. Wamezoea kusogelea magari kwa sababu watu wanawatupia ndizi na mikate, na nyani aliyezoeshwa hivyo hamwogopi mtoto aliyeshika biskuti. Usimtupie kitu.

Wazazi wajiandae pia kwa jambo jingine: huenda mtoto asimtazame tembo. Tembo yuko mbali, ametulia, ana rangi ya kichaka. Nyani mwenye mtoto mgongoni, mita chache kutoka kwenye kioo, ndiye atakayemshangaza, na atamsimulia bibi yake siku nzima.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 3,200, lakini mtoto wa miaka miwili hahitaji kuzunguka yote. Kesho yake asubuhi, geti likifunguliwa saa 12, saa mbili zinamtosha: uwanda wa Mkata, bwawa la viboko, kisha kurudi kwenye kifungua kinywa. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio. Nguo ziwe za rangi ya mchanga au kijani hafifu, za mikono mirefu, kwa kuwa mbung'o huvutiwa na bluu na nyeusi. Usiku alale ndani ya chandarua, na kama nyumba ya wageni haina, chandarua cha nyumbani kiko kwenye begi. Akipata homa wiki chache baada ya kurudi, apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Begi hilo lina vitu vichache ambavyo havishushwi: kadi ya kliniki, kipimajoto, dawa ya homa yenye kipimo cha uzito wake, na pakiti za ORS. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, vinafanya kazi hiyo mpaka mfike kituo cha afya.

Wanaoendelea Iringa watapanda mlima wa Kitonga, na kona zake humchefua mtoto aliyeshiba. Apewe chakula chepesi, simu ya katuni izimwe, dirisha lifunguliwe kidogo, aonyeshwe mibuyu na milima iliyo mbali. Mfuko na nguo za kubadilisha viwe mkononi, visiwe kwenye buti.

Asiye na gari ana treni ya SGR, iliyoanza safari za abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024. Inachukua chini ya saa mbili, kuna choo, mtoto anaweza kutembea kwenye korido akiwa ameshikwa mkono, na wa chini ya miaka minne halipiwi nauli. Kutoka Morogoro kwenda Mikumi kuna mabasi ya Iringa na Mbeya, na kuna magari ya kukodi. Ukikodi, chukua kiti cha mtoto kutoka nyumbani na upande nacho treni. Dereva wa Morogoro hatakuwa nacho.