Moto Mahurunga: Kabla Gari Jekundu Halijafika

Je, unajua gari la zimamoto hubeba maji kiasi gani? Wengi wetu tunadhani lile gari jekundu lina ziwa zima tumboni. Kumbe tangi lake huwa na lita elfu chache tu! Hebu chukua kalamu. Gari lina lita 4,000 na mpira wake unatoa lita 500 kwa dakika. Maji yataisha baada ya muda gani? Dakika 8. Baada ya hapo askari wa zimamoto naye anatafuta maji kama wewe na mimi.

Sasa hesabu ya pili. Tuseme unasoma Mahurunga, kando ya mto Ruvuma, ng'ambo ukiiona Msumbiji. Gari linatoka Mtwara mjini. Tukiweka kilomita 30 na mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hiyo ni nusu saa, na hapo barabara iwe imekubali. Wakati wa masika, bonde likijaa maji, barabara haikubali. Isitoshe, lori lililojaa maji haliendi kama bodaboda. Na paa la makuti lililokaushwa na jua tangu Juni litakuwa limekwisha kuanguka kabla hujamaliza kuwaita majirani.

Kwa hiyo ukisikia watu wanalalamika "zimamoto wamechelewa," warudishe kwenye hesabu hiyo. Mara nyingi moto umeshaamua mambo yake katika dakika 5 za mwanzo, na dakika hizo ni za watu walio karibu.

Basi askari hawa hufanya nini kutwa nzima? Si kweli kwamba wanakaa wakicheza bao wakisubiri simu. Wanaoingia zamu wanaanza kwa kukagua gari: maji yapo? Betri inawasha? Matairi? Mafuta? Mipira inakunjuliwa, inakaguliwa na kukaushwa. Mitungi ya hewa safi, ile wanayobeba mgongoni ili waingie kwenye moshi, inapimwa. Kisha mazoezi ya ngazi, kamba na mafundo. Wengine wanakwenda kukagua maduka, vituo vya mafuta na mabweni, au kufundisha mashuleni.

Na jina lao kamili ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa sheria ya mwaka 2007. Hilo neno la pili tunalisahau. Ni wao wanaoitwa mtu akitumbukia kisimani, akizama mtoni, au akibanwa ndani ya gari lililopinduka. Hapo nina jambo moja la kukuomba: mwenzako akianguka kisimani au chooni, usiruke kumfuata! Chini huko hewa inaweza kuwa mbaya, na anayemfuata mwenzake huanguka naye. Teremsha kamba, mwambie ajifunge kama ana fahamu, na piga simu.

Umeona sasa? Sehemu kubwa ya kazi ya zimamoto inafanyika siku ambazo hakuna moto. Na sehemu hiyo haihitaji gari jekundu. Wanafunzi sita, ndoo, mchanga, kengele na daftari la ukaguzi vinatosha kuianza shuleni kwako kesho. Twende tukague pamoja.

Tuanze jikoni. Moto unataka vitu vitatu: joto, kitu cha kuunguza, na hewa. Ondoa kimoja, unakufa. Ndiyo maana mafuta ya kukaangia yakishika moto hatumwagi maji. Maji yanazama chini ya mafuta, yanachemka ghafla, na kuyarusha usoni kwako. Funika sufuria kwa mfuniko, zima jiko ukiweza, usiifunue mpaka ipoe. Na jiko la mkaa lisilale chumbani mlikolala watu, hata kama makaa yamefifia. Hewa yake ya sumu haina harufu wala moshi. Watu wanalala wasiamke.

Hapo hapo jikoni, mtu mwenye kifafa akianguka karibu na mafiga, mvute mara moja. Kuna wanaosimama kutazama eti povu lake linaambukiza. Povu haliambukizi kifafa! Daktari Louise Jilek-Aall, aliyewatibu wenye kifafa kule Mahenge miaka ya 1960, aliona wagonjwa wenye makovu mabaya ya moto, na watu waliokuwa wakiogopa kuwagusa. Imani hiyo bado inaunguza watu.

Tukitoka jikoni tunakuta salfa. Mtu wa Dodoma pengine hatanielewa, lakini wewe wa Mtwara unaijua: unga wa njano tunaopulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga. Mfuko ukiwekwa chumbani kwa kuogopa wezi, familia imelala na kitu kinachowaka. Salfa inawaka kwa ulimi wa bluu ambao mchana huuoni vizuri, na moshi wake unabana kifua hata kwa mtu mzima. Mwenye pumu ndiyo kabisa. Vumbi lake likijaa hewani ndani ya nyumba iliyofungwa, cheche moja inaweza kulipua. Iwekwe kwenye banda la peke yake, mbali na kibatari, sigara na petroli. Ikishika moto kidogo, imwagie mchanga au inyunyizie maji taratibu. Ukiipiga na maji kwa nguvu unarusha vumbi, unaongeza balaa.

Petroli nayo siku hizi inauzwa kwenye chupa za maji kando ya barabara. Kumbuka kinachowaka kwanza ni mvuke wake, na mvuke huo hutambaa chini mpaka ukutane na moto ulio mbali na chupa. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na watu wakakimbilia kuchota. Lililipuka. Waliokufa walizidi 100, na wengi walikuwa vijana.

Shambani sitakaa sana, kwani wazee wanajua kuliko mimi. Kusi likivuma usichome. Ngoja upepo utulie, fyeka njia pana kuzunguka shamba, fagia majani makavu chini ya mikorosho, na asiondoke mtu mpaka majivu yamepoa.

Sasa bweni. Hapa naomba usome polepole.

Juni 1994, katika Sekondari ya Shauritanga, Rombo, wasichana zaidi ya 40 walikufa bwenini. Agosti 2009, Idodi, Iringa, walikufa 12, na ilielezwa kuwa chanzo ni mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea usiku. Kwa jirani zetu Kenya, Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika Sekondari ya Kyanguli. Huko moto uliwashwa kwa makusudi, mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Hawa walikuwa wa umri wako. Wengi walikuwa na mwendo wa hatua chache tu kufika nje.

Kwa hiyo swali la kwanza la daftari lenu ni hili: saa nane za usiku, ufunguo wa bweni uko wapi, na nani anaweza kuufikia gizani? Kama jibu ni "kwa matroni, nyumbani kwake," mwandikieni mkuu wa shule kwa heshima leo hii. Nondo zinawekwa kuzuia wezi, sawa, lakini angalau dirisha moja kila upande liwe na nondo za kufunguka kutoka ndani. Vitanda visizibe mlango. Usiku taa ya sola au tochi, si mshumaa. Na fanyeni zoezi la kutoka, mkiwa mmefumba macho, kwani moshi ni giza. Hewa ya kuvuta iko chini: tambaa. Gusa mlango kwa nyuma ya kiganja. Ukiwa wa moto, tafuta njia nyingine. Nje mkutane mahali pamoja, pengine chini ya mwembe, mhesabiane kwa majina. Asirudi mtu kuchukua begi.

Simu ni 114. Mmoja apige wakati wengine wanatoa watu. Usiseme "moto, njooni!" ukakata. Taja mkoa, kata, kijiji, kitongoji, na alama: msikiti, kisima, ghala la korosho. Sema kinachowaka, kama kuna watu ndani, na maji ya kujaza gari yapo wapi. Kisha mtumeni kijana wa bodaboda akasimame njia panda alipokee gari. Na tafadhali, msipige 114 kwa mzaha.

Nguo zako zikishika moto, usikimbie. Lala chini, funika uso kwa mikono, jiviringishe. Aliyeungua mwagieni maji safi ya baridi ya kawaida, si ya barafu, kwa dakika 20 mfululizo, hata kama anasema imetosha. Vueni pete na bangili kabla hajavimba. Nguo iliyoganda msiibandue. Dawa ya meno, asali, mayai, mafuta, mkojo: hapana, hapana kabisa. Funikeni jeraha kwa kitambaa safi bila kubana, na mwili mwingine mpeni shuka asipate baridi.

Jeraha likizidi ukubwa wa kiganja chake, au likiwa usoni, mikononi, sehemu za siri, au akiwa mtoto mdogo, mpelekeni zahanati bila kungoja, na muulize mapema kama anahitaji kufikishwa Ligula. Aliyevuta moshi naye aende siku hiyo hiyo, hata kama anatembea na kucheka, kwa sababu koo na mapafu vinaweza kuvimba saa kadhaa baadaye.